Fungu la Nne

Sikudhani aliuliza saa tatu kasorobo,
chaki mkononi mwangu imebaki kijipande:
"Mwalimu, moto ni hali ipi ya maada?"

Ubaoni nilishachora visanduku vitatu.
Yabisi: chembe zimepangana bega kwa bega,
hazihami, lakini zinatetemeka
kama nyinyi mstarini asubuhi ya Julai.
Kimiminika: zimegusana bila kupangana,
foleni ya bombani wakati wa mapumziko.
Gesi: kengele ya saa nane na nusu,
kila mmoja na njia yake, Keko hadi Chang'ombe.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Mama yake hukaanga mihogo pale njia panda
na yeye ndiye mwasha jiko, saa kumi alfajiri.
Kitu unachokipuliza kila siku hadi machozi yakutoke
unataka kujua ni kitu gani.

"Hauna umbo, basi si yabisi.
Hauchoteki.
Na kama ni gesi, mbona hii tunayovuta haiwaki?"

Nikamwambia, kesho.
Mwalimu akisema kesho, ujue amekamatika.

Usiku ule umeme ukakatika.
Nikawasha mshumaa ili nisome habari za moto,
nikajicheka: swali lilikuwa mezani, linaniangalia.
Mwali, kitabu kikasema, ni gesi yenye joto
na vumbi la masizi linalong'aa.
Umefika kizingitini pa hali ya nne.
Kuvuka, bado.

Asubuhi niliwavusha barabara, watoto arobaini na wanane,
hadi kwa Fundi Likwata anayechomelea mageti.
Alikuwa na barakoa tatu za kioo cheusi. Tukapokezana.
"Asiye na kioo ageukie ukuta," akafoka,
"macho hayauzwi Gerezani!"
Akagusisha kijiti kwenye chuma, akakivuta kidogo,
na pale katikati, kwenye upenyo mdogo kuliko ukucha,
hewa yenyewe ikapitisha umeme.

Hiyo, nikasema, ndiyo plazma.

Atomu ni nyumba: kiini ndani, elektroni uani.
Joto likipita kiasi, elektroni hutoka.
Zimepewa talaka.
Hapo si gesi tena,
ni mkusanyiko wa walioondoka na walioachwa,
wote wana chaji, wote wanavutana na kusukumana,
na sumaku ikipita jirani huwapinda njia.

"Na huo mwanga?" akauliza mtu aliyegeukia ukuta.

Nyingine hurudi. Hazikupewa talaka tatu, ni rejea.
Elektroni ikirudi nyumbani
hutua mlangoni mzigo wa nguvu iliyoubeba,
na mzigo huo ndio nuru.

Likwata akavua barakoa. Uso una jasho, shingo imeungua.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"nakishika kitu nisichokijua jina."
Akataka nimwandikie.
Nikaandika kwa chaki kwenye geti la mteja: PLAZMA.
Radi ya masika, nikamwambia, ni hiyo hiyo.
Jua ni hiyo hiyo, lote, na nyota unazoziona.
Akatazama juu, kisha akatazama kijiti chake
kama mtu aliyeambiwa jirani yake ni ndugu.

Tukirudi, Sikudhani akanivuta mkono wa gauni.
"Kwa hiyo moto wa mama haujafika?"
"Haujafika."
Akatembea hatua kadhaa.
"Lakini uko njiani."
Sikuwa na la kusahihisha.

Tyubu ya darasani ilikufa mwaka juzi.
Jioni nilinunua stata kwa pesa ya nauli,
nikapanda juu ya dawati, viatu mkononi mwa monita.
Ikapepesa mara moja. Mara mbili.
Ikashika: mvuke kiduchu wa zebaki
umevuka kizingiti, juu ya vichwa vyetu.

Mwalimu mkuu akasimama mlangoni na daftari la hesabu.
Stata hiyo imetoka fungu gani?

La nne, nikasema.