Sindano Isiyo na Tundu

Miaka thelathini na miwili naishi na sindano.
Naijua kwa namba: kumi na moja ya hariri,
kumi na nne ya kitenge, kumi na nane ya dangirizi.
Imenichoma kidole cha shahada mara ngapi?
Nililamba damu nikaendelea na pindo,
maana mwenye nguo alikuwa kasimama mlangoni.

Sasa bega la kulia limegoma.
Nikivaa gauni naingia kama mwizi dirishani,
mkono mmoja, kisha kichwa, kisha kusubiri.
Binti yangu Mishi ndiye anayenifunga sidiria,
na wote wawili tunatazama ukutani.

Ndiyo maana nilipanda ngazi zile za Mtaa wa Narung'ombe,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la zipu,
kwa Tabibu Hoza, aliyerudi kutoka Chengdu
na vyeti viwili na kisanduku.
Akakifungua. Nikaziona:
nyembamba kuliko unywele, na, nikashtuka,
hazina tundu.
"Sindano isiyo na tundu inapitisha uzi gani?"
Akacheka. "Mama, uzi uko ndani yako tayari."
Nikamwambia, mwanangu, mimi nilichomwa klorokwini
enzi za sindano za kuchemshwa sufuriani;
nikiona ncha imenielekea
tako la kushoto linakumbuka lenyewe.

Akazirudisha. Hakunibembeleza.
Akatoa kitu kama kalamu ya karani,
akanivisha miwani ya kijani, naye akavaa yake,
tukawa kama wachomelea mageti wawili wa Gerezani.
"Leza," akasema. "Haina ncha."
Nukta nyekundu ikatua begani,
kama chaki ninayoweka mahali pa kifungo.

Sehemu alizitaja kwa majina aliyoyatafsiri mwenyewe.
Kati ya gumba na shahada: Bonde la Makutano.
Nikawaza Jangwani, masika yanavyofunga barabara.
Huku juu: Kisima cha Bega.
Nikawaza kisima cha mtaa kule Tabata,
ndoo kumi na moja kwenye foleni, yangu ya kumi na mbili.
Sekunde arobaini kila mahali.
Alihesabu kimya, midomo ikicheza.

Sikusikia kitu,
na hilo ndilo lililoniudhi.
Sisi tumelelewa kwamba dawa lazima ijitambulishe:
mwarobaini kwa uchungu, iodini kwa moto,
mkandaji kwa kukuliza mpaka majirani waje.
Hii imeingia bila hodi
na hujui imeketi chumba gani.
Nuru haina mkono; inasukuma nini?

Mara umeme ukakatika.
Feni ikajizungusha kidogo, kwa heshima, ikafa.
Kariakoo yote ikaguna kwa sauti moja,
kisha jenereta moja, kisha hamsini.
Ikabaki ile nukta tu, kwa betri,
na kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho
kile ninachojaribu kumweleza Mishi tangu Ramadhani:
ni hapa. Si pale. Hapa.

Leo ilikuwa mara ya sita.
Juzi nilifikia rafu ya pili, ya mikebe ya vifungo;
ya tatu bado.
Tabibu anasema ni leza, ila haapi:
"Wengine inawakubali, wengine inawakataa."
Mimi sijui. Huenda ni zile dakika kumi na mbili
za kulala chali mchana kweupe
bila mtu kuniuliza suruali yake iko wapi.

Lakini kabla hajachukua kalamu yake
nilimwomba ile sindano, niishike tu.
Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
juu, kama anayetaka kutia uzi,
nikafumba jicho moja, kwa mazoea,
nikitafuta tundu ambalo halipo.
Tabibu hakutazama sindano.
Alikuwa akitazama mkono,
wa kulia,
mahali ulipofika.