Sarafu ya Gunvor

Linköping, Februari. Nje barafu imejaa bure
hadi juu ya viti vya baiskeli,
lakini Gunvor anatengeneza yake ndani ya friza:
tabaka la maji, tabaka la pamba, maji tena,
maana barafu tupu hupasukia ndani ya mtutu
kabla haijamdhuru mtu.
Hata mvua ya mawe, anasema, inataka nyuzi.

Shabaha ni kibao cheusi, chembamba kama daftari la shule,
kaboni juu ya kaboni, tabaka kumi na sita:
uzi huu umelala, huu umesimama, huu umekwenda mshazari,
na gundi katikati ikizisuluhisha.
Isak alikipanga kwa mkono wiki nzima,
akitoa viputo vya hewa kimoja kimoja
kama achambuaye mchele wa wageni.

Kinga za masikio. Mlango wa chuma. Tatu, mbili,
nilidhani nitaona kitu.
Sikuona. Ilikuwa pa! na vumbi jeupe,
shauri limekwisha kabla kope haijaamua kushuka.
Kamera peke yake ndiyo iliyokuwapo.
Inatusimulia baadaye, polepole, bila huruma:
barafu ikitandazika kama unga uliomwagika,
kibao kikibonyea, kikivuta pumzi,
kikirudi mahali pake.

Isak anakipangusa. Hakuna ufa, hata mkwaruzo.
Ukikiuliza kwa jicho: sijambo.
Kwa kidole: sijambo.
"Kimepona," anasema, kalamu tayari juu ya fomu.

Gunvor anatoa mfukoni krona moja kuukuu.
Anagonga kutoka ukingoni kuja kati,
ti, ti, ti, ti,
ti,
du.

Anarudia. Du.

Kesho mashine ya mawimbi ya sauti itathibitisha,
itachora doa lenye umbo la karanga:
tabaka la tisa limeachana na la kumi
kimyakimya, bila kumwarifu wa juu.

Lakini leo sarafu hairudi mfukoni.
Anaigeuzageuza vidoleni, akimtazama kijana
aliyemzika baba yake Alhamisi huko Sundsvall
na Jumatatu, saa moja na nusu, alikuwa kazini,
kila mtu penye mashine ya kahawa akimuuliza hali
naye akijibu upesi mno.

"Isak," anasema. "Unalala usiku?"

Friza inanguruma pembeni, inagandisha nyingine sita.
Kalamu imesimama.
Isak anafungua mdomo aseme ndiyo,
na ndiyo inachelewa.