Paa Bila Nyumba

Fundi wa nini, alisema Baba,
mikono kumi tunayo,
ukihesabu na ya Chiduo, mwenye miaka sita,
ambaye kazi yake ilikuwa kuokota misumari.

Mbao zilitoka Mafinga juu ya fuso,
zikashushwa Nkuhungu mbele ya geti letu
zikinukia utomvu na mvua ya kwao,
harufu ambayo ua huu haukuwahi kuijua.
Tulizipaka oili chafu ya gereji
maana mchwa wa hapa hawana staha:
walishakula mlango wa choo,
wakala na picha ya harusi ukutani,
bwana harusi wakamwacha na suti yake,
bibi harusi wakammaliza hadi kiunoni.
Mama hajawasamehe.

Mashimo tisa, siku mbili.
Sururu iligonga ardhi ya Agosti, ikaruka,
ikarudi mikononi ikiwa moto.
Pima maji hatukuwa nayo.
Yoeli alileta mpira mwembamba unaoonyesha ndani,
akaujaza, akashika ncha huku, mimi ncha kule,
na maji, ambayo mtaani kwetu tunayanunua kwa ndoo,
yakatuambia bure
kwamba nguzo ya saba imewazidi wenzake vidole vinne.
Ni upepo, alisema Baba.
Upepo haurefushi nguzo, alisema Mama.
Wakanyamaziana hadi chai ya saa kumi.

Sitaeleza habari ya ubao wa kumi na tano,
aliokata Baba kwa kipimo cha macho.
Upo pale, umeungwa katikati
kama suruali ya mwanafunzi,
na kila apitaye juu yake huulizwa kwa sauti ya chini:
umesikia unavyolia?

Tulipanga viti vinne na meza ya kahawa,
jioni za Jumapili, miguu juu ya vumbi,
wageni waseme, kumbe huku nyuma mnaishi hivi!

Kisha Bibi akaja kutoka Mvumi.
Akavua viatu. Akagonga mbao kwa kisigino,
hapa, na pale, akasikiliza.
"Paa la tembe letu," akasema, "mmelishusha chini.
Nyumba yenyewe iko wapi?"
Tukacheka.
Yeye hakucheka.

Alfajiri tulikuta viti vimeegemezwa ukutani.
Magunia yamepasuliwa, yametandazwa ubao hadi ubao,
na juu yake mlenda, majani kwa majani,
na uwele kwenye kona inayopata jua la kwanza.
Baba alifungua mdomo. Mama akamtazama. Akaufunga.
Bibi alikuwa anageuza majani kwa ncha za vidole,
peku, akipita pembeni, taratibu,
kama mtu anayejua
kwamba chini yake kuna watu wamelala.

Nami nikafikiria tembe lile nisilowahi kuliona,
lililoanguka masika moja kabla sijazaliwa,
miti yake ikaishia jikoni, moja moja.

Baba aliketi ukingoni, miguu inaning'inia,
akaokota punje ya uwele, akaitafuna.
"Limenyooka lakini," akasema, si kwa yeyote.

Chiduo alikuwa ameingia uvunguni kutafuta misumari.
Tuliuona mgongo wake kwa vipande, katika nyufa,
mwanga, kivuli, mwanga.
Akaita kutoka huko:
"Bibi, nyumba nimeiona!
Ila ni fupi."