Fungu la Dharura

Kalamu yangu imefundishwa kuandika "ilijadiliwa".
Haijafundishwa kuandika nani aligonga meza,
wala kwamba feni ya ukumbi iligoma saa tano
na vumbi la Oktoba likapita dirisha lisilofungika
likakaa juu ya makabrasha
kama mjumbe aliyechelewa, bila kuomba radhi.

Ajenda namba nne:
kuchota milioni themanini kwenye Fungu la Dharura
tuwatengenezee watoto wa Nkuhungu uwanja,
magoli mawili ya chuma, bembea, choo, bomba la maji.

Bwana Rwegoshora, mweka hazina, alivua miwani.
"Fungu hili," akasema, "ni la mvua isiyopiga hodi.
Mmesahau kalavati la mwaka juzi?"
Hakuna aliyesahau. Lile kalavati lilisafiri korongoni
pamoja na friji ya mtu, kuku wa mtu,
na nusu ya barabara.

Ndipo akainuka Mheshimiwa Chilewa,
asiyeweza kupinga jambo bila vina:

    Akiba ni kitu chema, hukuweka salamani,
    Ghala hujazwa mapema, uwele ukae ndani,
    Kesho ikija kwa homa, haikukuti njiani,
    Mpira haupikiki, hata ukiwekwa chumvi.

Ukumbi ukacheka. Hata mimi, kalamu ikaruka mstari.
Perisi Mahinyila wa viti maalumu hakucheka.
Alingoja kicheko kiishe, kama mtu wa Makole
anayengoja treni ipite ndipo avuke,
akauliza: "Mheshimiwa, uwele ukikaa ndani sana,
wa kwanza kuula ni nani?
Kwetu Mvumi tulifungua kihenge mwezi wa pili
tukakuta dumuzi wamenenepa.
Akiba haiozi, sawa. Nani alisema hailiwi?"
Akamtazama mweka hazina, au dirisha lililo nyuma yake.
Sikuandika ni kipi.

Likaja wazo la tatu, lile lijalo siku zote
wawili wakigombana: atafutwe wa tatu, alipe yeye.
Ushuru wa meza sokoni, mia tatu iwe mia tano,
uwanja ujengwe, akiba ibaki,
waheshimiwa waende nyumbani na amani.

Kwenye benchi la wananchi Hogla Masinjisa,
muuza mlenda mkavu, akanyoosha mkono.
Kanuni haimruhusu kusema. Akasema.
"Mia mbili si nyingi. Ni kiberiti na nyanya.
Lakini mjukuu wangu hata kutembea hajaanza,
na nyumba yangu ndiyo ile iliyobaki kuta tatu.
Basi mniambie, ninalipia lipi?
Mchezo wa nani? Mvua ya nani?"

Mstahiki Meya akagonga meza.
Nikaandika: Mwananchi mmoja alitoa maoni.

Saa nane chakula kikafika, wali na kuku,
soda zikitoka jasho kwenye kreti.
Hiyo haikuhitaji azimio.
Ajenda namba nne ikarudishwa Kamati ya Fedha
hadi kikao cha robo ijayo.
Robo ijayo ni Januari.
Mvua, ikiamua kuja, huja Desemba,
na haijawahi kusoma ratiba yetu.

Magharibi Enea wangu anarudi, viatu mkononi.
Anavikung'uta mlangoni:
mchanga mweupe, laini, wa korongoni,
maana ndiko wanakochezea,
kulekule ilikopita friji,
mahali pekee tambarare mtaani kwetu.
"Tumeshinda," anasema. "Tatu bila.
Goli la kwanza nimefunga mimi."

Lundo dogo la mchanga limebaki juu ya sementi,
halijai hata kikombe.
Nimeshika ufagio.
Bado nimesimama nao.