Kengele Mara Mbili

Simu inatetemeka ndani ya koti langu
nami nimebeba watu themanini na zaidi,
reli imeganda, taa ni nyekundu,
na sheria imebandikwa mbele ya macho yangu:
dereva hashiki simu.

Yatetemeka. Yanyamaza. Yatetemeka tena.
Siitazami, naijua.
Benki haipigi mara tatu mfululizo.
Ni chekechea.

Jina la mji wetu, Łódź, maana yake mashua,
nao hauna mto; mito yake ilizikwa
chini ya viwanda, zamani, watu wakaisahau.
Basi nami nauzika mtetemo huo
chini ya vituo sita vilivyobaki.
Nafungua milango, nafunga milango,
mzee analalamika kiti ni baridi,
msichana anakimbia, namsubiri
sekunde nne ambazo nitazilipa.

Mwisho wa reli nina dakika saba.
"Thelathini na nane nukta sita," asema Bi Grażyna
kwa sauti ya mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.
"Macho mekundu. Amekataa kula. Njooni sasa hivi."
Njooni, kwa wingi,
kana kwamba tumejaa nyumba nzima.

Tupo wawili. Witold amelala muda wa saa mbili tu,
ametoka kuoka mikate ya nusu ya mji,
unga ungali kwenye nyusi zake.
Namwamsha. Hasemi neno.
Nasikia kitanda, nasikia zipu,
nasikia akitafuta soksi ya pili na kuikosa.

Mwezi huu ni mara ya tatu.
Mara ya kwanza nilisema sikio, na kweli lilikuwa sikio.
Mara ya pili msimamizi alinitazama
kama mtu anayehesabu chenji.
"Jowita," akasema, "hata mimi nina watoto,"
na sikujua kama ni pole au ni onyo.
Leo sikuomba ruhusa.
Kuna aibu ya kuomba na aibu ya kutoomba;
nimechagua ile inayolipa pango.

Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli,
na sisi tuna minne,
ila haikutani.
Yake miwili ikitoka, yangu miwili inaingia,
tunapokezana kijiti kinachokohoa
ngazini, saa tatu usiku,
busu lililolenga mdomo likatua shingoni.
Mengine tunaandikiana nyuma ya risiti:
Dawa saa kumi. Katapika kidogo.
Supu, vijiko viwili.
Soksi nimeipata.

Reli yangu hupita chini ya dirisha letu.
Kila zamu nampita mwanangu mara nne,
ghorofa ya tatu, pazia la njano,
kama abiria niliyemwacha kituoni.

Mzunguko wa pili, pazia limefungwa.
Wa tatu, namwona Witold amesimama,
koti juu ya pajama,
Iwo begani, kichwa kimelegea
kama kinyunya kilichokosa hamira.
Baba anaunyanyua ule mkono mdogo,
anaupunga kwa niaba ya mwenyewe.

Kengele ni ya hatari, kitabu kinasema:
mtu akivuka, gari likiziba njia.
Naipiga mara mbili.
Barabarani hapana mtu.
Abiria wanainua vichwa, wanaitafuta hatari,
hawaioni,
wanarudi kwenye simu zao.

Mzunguko wa nne giza limeingia, nao wamezima taa.

Usiku, mwandiko kwenye risiti umelala ubavu:
Homa imeshuka. Aliposikia kengele alisema mama,
halafu akauliza kwa nini mama hasimami.

Chini yake Witold ameacha nafasi.

Kalamu ninayo. Dawa ni saa nne.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nafunika kalamu, naifunua,
na koo langu linaanza kuwasha.