Mikono Haijashushwa

Muhtasari ule niliuandika mimi,
kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikivuja,
Jumamosi, uwanja wa shule ya Itundulu,
ng'ambo ya reli, hapa Tabora.
Agenda namba nne: kuigawa kata.
Wanaoafiki wanyooshe mikono.
Nikahesabu mia nne na kumi na moja,
nikarudia, maana Doto Mihayo
alinyoosha yote miwili, akacheka:
mmoja wa Kulwa, aliyekwenda Urambo kukausha tumbaku.
Nikaandika mia nne na kumi.
Mwenyekiti hakusema tushushe.
Nadhani alisahau.

Karatasi ikapanda ngazi.
Kata ikaipokea, baraza likaipitisha,
wilaya ikaishauri, mkoa ukaitazama,
ikadandia basi la alfajiri kwenda Dodoma,
na sisi tukabaki na neno moja,
mchakato,
neno lisilo na mlango wa nyuma.

Tumbaku imevunwa mara nne.
Diwani ni yuleyule mmoja, wala si mtu mbaya:
masikio mawili, pikipiki moja,
watu elfu thelathini na tatu,
kila mmoja na mpaka wake wa kiwanja, na mgonjwa wake.
Aliomba madaraja mawili, akapewa moja,
akalijenga upande wenye kura nyingi.
Ningekuwa yeye?
Sijui. Labda na mimi ningelijenga palepale.

Wapimaji walikuja, tusiwasingizie.
Walichora mstari wa chokaa
ukakata ua wa Nyanzobe katikati,
jiko upande huu, kitanda upande ule.
"Nitapika kata moja, nilale nyingine," alisema,
"mradi mojawapo ilijue jina langu."
Mvua ya Novemba ikaufuta.
Lakini yeye, kila akitoka jikoni na sufuria,
alinyanyua mguu palepale
akaruka.

Machi tulimbeba kwa machela.
Mto ulikuwa umejaa, tukazunguka
kilomita saba, hadi daraja la wenzetu.
Hatukuwahi kuifikia lami.

Wiki iliyopita imekuja barua. Si jibu.
Nakala imefifia, wanataka halisi,
na orodha isainiwe upya
na wote waliohudhuria.
Nimelifungua faili kwenye mwanga wa dirisha.
Wino umetambaa ukurasa mzima,
ila namba inasomeka: mia nne na kumi.
Humo ndani Nyanzobe bado amenyoosha mkono.
Hakuna aliyemwambia ashushe.

Napita nyumba kwa nyumba, kalamu mpya mfukoni.
Doto amesaini, kisha akaniuliza
kama sasa Kulwa anahesabiwa.
Kwa Nyanzobe nimebisha hodi
nikijua fika.
Mjukuu wake ametoka jikoni na sufuria,
ameniitikia marahaba kwa kukosea, akacheka,
na katikati ya ua
akanyanyua mguu.