Lifti ya Nyuma

Mgongoni Valdelice alipakwa na Jacira.
Kwingine kote alijipaka plasta mwenyewe:
nyonga, titi,
kovu alimotokea Jacira huyo huyo.
Ikakauka, redio ya jirani ikitangaza mpira.

Alipojibandua akakuta mtu mweupe pe,
mtupu ndani.
Akamsugua masizi ya sufuria ya mamake
usiku kucha, hadi akajitambua.

Leo, Salvador, jumba la sanaa:
sanamu imepandishwa kwa lifti ya wageni,
imeviringishiwa blanketi, inashikwa kama mgonjwa.
Mwenyewe bawabu akamzuia.
“Wafagizi, lifti ya nyuma.”

Hakubishana. Dole gumba lilikuwa bado na masizi;
akalibandika kwenye kitufe cheupe,
akakaza,
akapanda na ndoo
huku juu wakiupigia makofi mgongo wake.